Gauni la Nesi

Jumatatu, 3 Machi

Hakuna fundi kama mimi chini ya jua. Nimeandika kwa wino, asiyetaka ajinyonge! Wenzangu wanazurura na futi kamba shingoni kama wamefuga nyoka. Mimi napima kwa macho. Mtu akipita dirishani nimeshajua kifua, kiuno, na kama hiyo suruali kaiazima. Shule niliishia la saba — hasara yao.

Habari ya leo: mkataji wetu mkuu anastaafu. Bosi kasema anayekitaka kiti chake ashone suti ya mteja ya vipande vitatu mpaka Jumamosi, peke yake, kuanzia kukata hadi vifungo. Wenzangu wakainamisha vichwa. Mimi nikapiga mluzi.

Na mpenzi wangu kapata chuo cha unesi! Anaondoka Jumapili hii. Miaka mitatu, mbali huko. Anataka gauni jeupe la siku ya kwanza, nilishone mimi, hataki la dukani. Kanipigia simu, sauti bado nyembamba kwa ile homa iliyomlaza wiki tatu. Njoo basi unipime, akasema. Nikupime wewe? nikamwambia. Wewe nimekuhifadhi machoni! Akacheka kidogo.

(Wakati wa homa sikwenda kumwona. Kazi. Nilimtumia vikatuni kwenye simu.)

Jumatano, 5 Machi

Bega la koti limenigomea. Nimefumua mara mbili. Mchana Nesi — nimeshaanza kumwita hivyo — alikuja karakana, akakaa kwenye benchi la meza ya pasi. Nina pini mdomoni. Nikamwonyesha kidole bila kuinua kichwa: dakika moja. Bega lilipokubali, benchi tupu. Kaacha mfuko wenye kitambaa cheupe. Bosi kasema alikaa saa nzima, mpaka yeye mtu mzima kaona aibu. Aa! Atanisamehe akiliona gauni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelikata gauni. Dakika kumi! Futi sikuigusa. Kufika alasiri limekwisha, kola imesimama kama askari wa zamu. Haya, turudi kwenye suti.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda! Bosi kalipekua koti mshono kwa mshono kama anatafuta chawa. Hola, hata kasoro moja. Kijana, una jicho wewe, kasema. Kiti changu kuanzia Jumatatu. Nakimbia kwa Nesi na gauni.

Jioni

Limempwaya. Mabega yameanguka, kiunoni anaenea mtu wa pili. Shangazi yake kashikilia mlango kwa kicheko: baba, hili gauni au chandarua? Nikasema kitambaa kimetanuka, vitambaa vya siku hizi bwana. Shangazi akacheka tena. Nesi hakucheka. Kaniuliza polepole: umemshonea nani?

Lete futi, nikasema, nakupima, nalipunguza sasa hivi. Kaenda kulivua. Kalikunja vizuri, kona kwa kona, kaniwekea mikononi. Kwani si umenihifadhi machoni?

Nikamwambia nimepata kiti. Kasema hongera. Na ilitoka moyoni — hiyo ndiyo ilinimaliza.

Jumapili, 9 Machi

Kaondoka saa tatu asubuhi. Shangazi kasema atavaa la kuazima, la binti wa jirani. La kuazima! Sikualikwa kumsindikiza. Nilisimama ng'ambo ya barabara nyuma ya lori la saruji, fundi bora chini ya jua. Nikamwona ananyanyua begi. Ule mkono — mfupa mtupu. Kakonda hivyo lini?

Watu wananipongeza tangu nirudi. Mkataji! Mkataji! Gauni liko mezani mbele yangu. Chaki ninayo. Nilipunguze, nimtumie. Inchi ngapi sasa? Nimemwandikia ujumbe nimuulize, nikaufuta. Mara nne.

Kitambaa hakikutanuka. Mwenye ile suti hata jina lake silijui, lakini bega lake nalijua mpaka nusu inchi. Nesi alikaa hatua tatu tu kutoka nilipokuwa, saa nzima. Sikumtazama.