Walidhani Nimeleta Msiba

Mbarara, Jumapili mchana

Mama Neema wangu,

Amani ikukute huko Norwei, na moyo wako upige taratibu. Nimekuja mjini kumnunulia Mzee Bahati dawa ya presha, maana katika kambi ya wakimbizi tulikomwacha imekwisha.

Juzi nilimpigia simu kumuuliza kama ninaweza kumtembelea kesho yake saa kumi. Nilipofika kwake Misiera, mle kambini, nikakuta majirani wamejaa uani kimya, na sufuria kubwa la maharagwe motoni. Mzee Bahati akanishika mikono. "Sema tu, ndugu. Ni nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa. Nimekuja kukusalimia."

"Kusalimia! Sasa ruhusa ya nini? Kule Ulaya banakufundisha kuogopa batu?"

"Na machozi yetu tuyapeleke wapi?" akauliza bibi mmoja. Ua wote ukacheka, nasi tukala chakula cha msiba usiokuwepo mpaka jua likazama.

Uliniuliza kama turudi kuzeekea hapa. Ningependa kusema ndiyo. Lakini huko, ulipougua moyo, gari la wagonjwa lilikufikia kabla sijamaliza kuvaa viatu, na hapa rafiki yangu anameza nusu kidonge ili dawa isiishe upesi. Tutabaki huko. Ila nikifika, tutabisha kwa yule mjane wa mlango wa pili bila kumwarifu, nawe unayekijua Kinorwei utamweleza kwamba tumekuja kukaa naye tu.

Vaa soksi nzito, mpenzi.

Baba Neema