Betri Inayochoka Ikiwa Imelala

Jumanne, 4 Machi

Mota imenizimikia katikati ya bwawa. Jioni, upepo ndio unaanza, na samaki wangu wote kwenye ndoo wananitumbulia macho. Haikukata ghafla — ililegea, ikanung'unika, ikanyamaza. Nikabaki nimeshika mpini kama mjinga. Makasia niliyatoa mwenyewe mwezi uliopita ili boti iwe nyepesi. Ujanja mwingi mbele kiza! Nimerudi ukingoni napiga maji kwa mfuniko wa ndoo.

Mama alikuwa amesimama kwenye gati, mikono kiunoni. Pole hakunipa. Alisema tu: rudisha makasia botini. Miaka thelathini kavua bwawa hili kwa makasia hayo hayo, mpaka mwaka jana kizunguzungu kilipomwangusha majini na daktari akampiga marufuku kupanda boti peke yake. Nikamwambia ni betri tu, Mama. Akasema na yeye aliambiwa ni sukari tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimewaza kutwa. Injini za petroli hapa haziruhusiwi, maji haya watu wanakunywa, kwa hiyo bila betri mimi si mvuvi. Na betri yenyewe ni mpya! Nikiichaji usiku mmoja, ilikuwa inanitosha asubuhi na jioni na nyingine inabaki. Sasa kimebadilika nini? Mota ni ile ile, boti ile ile, mimi yule yule (labda nimenenepa).

Jioni imekufa tena. Makasia yalikuwemo. Mama sijamwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa fundi betri, kule nyuma ya soko. Kibanda chake hakina pa kukanyaga, betri mpaka mlangoni. Swali lake la kwanza: dada, unakimbiza namba ngapi? Tano, nikasema, si ndiyo ya mwisho? Akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe mwendo wa mwisho unafyonza chaji mara nyingi kuliko wa pili, na huko unakokimbilia samaki hawakungoji. Magugu nayo yakizonga propela, mota inakaza na betri ndiyo inayoumia. Na nisiishushe chini ya nusu, nitaiua.

Haya yote sikuyajua! Miezi yote hii naendesha kitu nisichokielewa.

Ameniazima mita ya kupimia. Furaha niliyonayo! Nimepima betri ya redio, ya saa ya ukutani, ya tochi. Mama kaniuliza kama na yeye nitampima, au kwake nasubiri mpaka azime.

Jumapili, 9 Machi

Jana na leo nimekwenda kwa namba mbili tu. Konokono ana afadhali. Lakini asubuhi niliporudi mita ikasoma volti kumi na mbili nukta sita — safi kabisa! Nikainua mota kutoka majini, nikafunga boti, nikaenda kuuza samaki.

Jioni kabla ya kuondoka nikapima tena. Kumi na mbili nukta moja. Karibu nusu ya chaji imekwenda!

Imelala tu pale gatini! Imefanya kazi gani? Hata mimi naamka nimechoka siku nyingine, lakini mimi nina sababu zangu.

Halafu kuna propela. Niliiacha juu, juani, ikiwa kavu. Jioni nimeikuta na magugu mabichi yamejizungusha. Labda sikuisafisha vizuri. Nimekaa nayo mapajani kama daktari na mgonjwa, naitazama, haisemi.

Jumatatu, 10 Machi

Kila mtu ana jibu. Fundi anasema huenda seli moja imekufa, umeme unavujia ndani kwa ndani. Nimpelekee aione. Mama anasema panya. Mama, panya wanakula umeme? Wanaguguna waya, akasema bila kunitazama, halafu akarudi kuimba jikoni.

Wiki hii anaimba sana. Hata kula anakula. Nimefurahi mno, maana tangu aanguke alikuwa mtu wa kukaa dirishani kutwa, anaangalia maji, hajibu mpaka umwite mara mbili. Nilianza kuogopa kwamba atakufa akiwa amekaa pale, na hakuna daktari atakayeniambia ni ugonjwa gani.

Kocha anasema mwizi. (Jirani yetu wa gatini. Tunamwita hivyo kwa kuwa ana ushauri kwa kila mtu na hajawahi kucheza.) Kikulacho ki nguoni mwako, dada, akaniambia, kidole juu. Nguo gani, Kocha? Nyumba nzima ni mimi, Mama na paka. Basi mchunguze huyo paka, akasema.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata jaribio! Kesho nikishavua asubuhi, betri nzuri naipeleka kwa fundi. Botini naacha ile kuukuu niliyoistaafisha, nimeichaji na kuipima. Ile haina maisha, inasukuma mota kidogo tu kisha inakata roho. Lakini kama na yenyewe itashuka ikiwa imelala, basi ubaya hauko kwenye betri, uko kwenye waya za boti. Nitakuwa nimeikamata!

Nimejipongeza kwa kikombe cha pili cha chai. Mama sijamweleza. Tangu ile habari ya panya naona ananicheka chini chini.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa gatini. Daftari ninalo kwa ajili ya vipimo.

Boti haipo.

Fundi kapima betri, kaigeuza, kaniambia ni nzima kabisa. Dada, hii haivuji, kuna mtu anaitumia. Nimerudi mapema, nacheka njiani, nawaza nitamshika nani. Kiti cha dirishani kitupu. Msumari wa kofia ya Mama ya kuvulia mtupu. Nikajua hapo hapo. Panya ni yeye!

Nimekimbia mpaka hapa. Yuko kule, karibu na matete ya ng'ambo, namwona kwa ile kofia nyeupe. Mota imeshamfia — boti inazungushwa na upepo, mara mgongo, mara ubavu. Betri mbovu nimempa mimi, kwa mikono yangu, pamoja na akili zangu zote na mita! Alikula asubuhi? Dawa alimeza? Mungu wangu, sikuangalia.

Nimeita mpaka sauti imekauka. Upepo unanirudishia. Kocha anafungua boti yake, fundo limelowa, linamgomea. Mikono yangu isipokuwa na kalamu nitajitupa majini.

Sasa kofia inainama. Inainuka. Inainama.

Makasia!

Boti imeacha kuzunguka. Imegeuka, pua huku kwetu, inakuja imenyooka, haipepesuki hata kidogo. Mimi nikishika makasia naandika nane. Kocha ameshapata fundo, mguu mmoja ndani ya boti yake, na ananiuliza mimi tufanye nini. Kocha!

Bado yuko mbali. Kizunguzungu hakipigi hodi. Tukimfuata tukamvuta kwa kamba kama gogo, kesho atarudi kwenye kile kiti na hatainuka tena, namjua. Tusipomfuata —

Kocha ananiuliza kwa mara ya pili: dada, tunakwenda au hatuendi?

Ngoja, nimemwambia. Ngoja avute tena.