Sweta ya Tangi

Baba,

Pikipiki inaondoka Jumamosi. Anko Njoroge anaipeleka Lanet akafanyie kazi huko, na Mama amekubali kwa sababu hapa Elburgon hatuna wa kuiendesha. Mimi sikuulizwa. Hata ningeulizwa, unanijua, ningeangalia chini.

Jana Anko alikuja na pakiti ya pedi mpya, zile za mpira za kubandika kwenye tangi la mafuta lisichubuke. Akaizunguka pikipiki akicheka. "Huyu mzee yako alikuwa anavalisha hii kitu matambara! Wambui, toa hizo zote, weka mpya. Wewe uko na mikono ndogo, hutachuna rangi." Kisha akaingia ndani kunywa chai na Mama.

Matambara. Wewe ulikuwa ukiziita sweta.

Nilifanya vile ulivyonionyesha tulipokuwa tukibadilisha zile za pembeni. Nilichemsha maji, nikachovya kitambaa, nikakikandamiza juu ya pedi mpaka gundi ikalegea. Nikainua kona kwa ukucha, nikapitisha uzi wa nailoni chini yake, nikauvuta huku na huku taratibu, kama mwenye duka anayekata mche wa sabuni. Ya kushoto ilikuwa imelika pale goti lako lilipokuwa likikaa. Niliweka kiganja kwenye lile bonde na nikashindwa kuendelea. Miezi mitatu, Baba, na goti lako bado lilikuwa pale. Mimi ndiye niliyelibandua.

Ya katikati hukuibadilisha hata mara moja. Nilijua kilichokuwa chini yake.

Nilikuwa darasa la pili. Nilikuwa nimepoteza sweta ya shule, na mwalimu akasema kitu kisicho na jina si chako. Kwa hiyo nilichukua msumari nikaandika kwenye tangi: BABA WABUI. Nilitaka pikipiki yako isipotee huko steji ya bodaboda. Herufi moja niliisahau. Uliposimama ukiangalia, nilijikojolea kwa woga. Hukunipiga. Kesho yake ulirudi na pedi, ukaibandika juu ya jina, ukasema, "Sasa imevaa sweta. Na jina liko ndani, kama ya shule."

Tangu siku hiyo, tukiwa wawili tu, uliniita Wabui. "Wabui, M ilienda wapi?" Nami nikajibu, "Inakuja na miguu."

Jina bado lipo. Tangi lote limepauka, lakini chini ya pedi rangi ni nyekundu kama siku ulipoileta pikipiki nyumbani. Nilifuta gundi kwa mafuta ya taa, nikaosha kwa sabuni, nikakausha, kisha nikakaa kwenye kigoda nikilisoma. Mama bado ni Mama Wambui sokoni. Lakini hakuna tena anayeitikia akiitwa Baba Wambui. Wewe sasa ni "marehemu."

Pikipiki imevaa sweta miaka kumi. Wewe, asubuhi zile za mtihani, baridi ya msitu ikikata, ulinipa jaketi yako ukaendesha na shati. Nilikataa mara moja tu, kwa sauti ndogo. "Mtihani hauandikwi na vidole vilivyoganda," ulisema. Nikaivaa. Halafu kikohozi. Halafu mapafu. Halafu wodi. Daktari alimwambia Mama kwamba ugonjwa ule haukuletwa na jaketi. Sawa. Lakini ni mimi niliyekaa nyuma yako nikiwa na joto.

Matokeo yalitoka. Nimepita. Niliikunja karatasi nikairudisha mfukoni, maana mtu niliyetaka kumwonyesha ni wewe.

Anko alitoka na kikombe mkononi. "Ni nani alichora huu uchafu? Nikifika Lanet naipeleka ipigwe rangi, hii tenki itoke mpya." Nilitaka kusema ni jina lako. Alipogeuka kumwita Mama aje aone, nilibandua karatasi ya nyuma ya pedi mpya nikaibandika pedi palepale juu ya jina. Sikupima. Ulinifundisha nipime kwanza, kisha nibonyeze kutoka katikati kwenda pembeni. Nilibonyeza tu, kwa mikono yote miwili.

Anko aligeuka. "Aki Wambui! Imekaa upande kama kofia ya mlevi!" Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Haya, wacha. Imeshafunika, rangi ni ya nini sasa."

Basi jina limepona, lakini sijidanganyi. Pedi huzeeka. Siku moja ataing'oa huko Lanet na mimi sitakuwepo.

Msumari ulikuwa mfukoni mwangu, Baba. Nilikuwa nimeutafuta ili niongeze ile M kabla ya kufunika. Sikuongeza. M haijafika, na aliyekuwa akiiulizia hayupo.

Jaketi yako inaning'inia nyuma ya mlango. Sijaigusa tangu tukuzike. Jumamosi, pikipiki ikitoka getini, nitaivaa, nitafunga zipu mpaka kidevuni, na nitaifuata kwa miguu mpaka kwenye lami. Nakuahidi hilo tu. Kubwa kuliko hilo siliwezi.

Lala, Baba. Usinisamehe kwa ile pedi kukaa upande. We cheka tu, kama ungekuwepo.

Mimi wako,
Wabui