Pikipiki ya Baba Yako Haitoki Hapa

Kasoli, Bariadi,
18 Julai 1999

Mpendwa mjukuu wangu Mayala,

Mwangaluka. Hivi huko Morogoro wamekufunga kamba mguuni kama ndama? Misimu miwili ya pamba imepita hujakanyaga hapa, kana kwamba ulizaliwa na barabara. Haya, unakula? Kile kifua kimeacha kukubana? Mimi magoti yananisumbua, ila mdomo ni mzima, unausikia mwenyewe.

Anayeniandikia ni Benedikta, binti wa shangazi yako Milembe. Nimemkataza kupunguza ukali.

Sasa sikiliza habari ya pikipiki ya marehemu baba yako Joakim, ile aliyoipata waliporuhusiwa wanunuzi binafsi, akawa anazunguka vijijini kuwakusanyia pamba. Babu yako mdogo Ngassa anaitaka. Anatangaza mnadani kwamba inaozea kwangu, eti kitu cha mwanamume hakikai kwa mjane. Anataka kuibadilisha kwa ng'ombe aoe mke wa tatu. Kwa meno gani?

Inaoza? Kila Jumamosi naiosha mbele ya nyumba, kando ya njia, kila mpita njia aone. Bomba la moshi nalifunga mfuko wa nailoni maji yasiingie. Matope ya chini ya matairi nayachokonoa kwa kijiti. Benedikta akiipiga kiki inanguruma hadi kuku wanakimbia.

Mara ya kwanza niliikausha kwa pamba, si tunayo tele ndani? Nyuzi zikajisokota kwenye mnyororo na spoki zote. Ngassa akapita, akacheka hadi akashika mti.

"Shemeji, pikipiki imeota mvi, iache ipumzike!"

"Mbona wewe mvi hazijakupumzisha?" nikamjibu.

Tulizitoa nyuzi kwa mwiba, jua likatuzamia. Siku hizi naifuta kwa kitenge kikuukuu, kisha tunaisukuma hadi kwenye jiwe bapa ninapoanikia michembe, vile viazi vyangu vya kukausha, ipigwe jua.

Huko ndiko Ngassa alikonikuta juzi, amekuja na wanaume wawili. Wakashika usukani. Nikakunja kitenge, nikapanda, nikakaa.

"Ibebeni na mimi juu. Mtanipikia ugali huko huko."

"Shuka, shemeji, unatuaibisha."

"Mnaoiba mchana ni nyinyi, aibu iwe yangu?"

Wale wawili wakaanza kutafuna michembe yangu, wakasahau walichofuata. Ngassa akaondoka peke yake. Lakini ameapa: pamba ikishauzwa, mwezi wa tisa, ataitisha kikao cha ukoo, na mwana wa Joakim asipoonekana, anaichukua mbele ya wote. Juu ya pikipiki niliweza kumshinda, mjukuu wangu. Kwenye kikao cha wanaume sina sauti. Mwenye sauti ni wewe, na uko Morogoro.

Shangazi yako Milembe anakusalimu, na Salu jirani yetu anauliza kama bado unakula kama fisi. Mungu akukinge na mvua na jua, akuongoze hadi mlangoni kwangu.

Bibi yako akupendaye hata akikugombeza,
Nyanjige

N.B. Ukija, usipitie kwanza kwa Ngassa. Njoo kwangu, chukua ufunguo, uko kiunoni mwangu. Panda pikipiki ya baba yako uende nayo hadi mlangoni kwake. Ukifika shuka, umwamkie kwa heshima zote, sikukulea bila adabu. Ila injini usiizime.