Non niliyoiacha ipite

Jumamosi, Kisangani. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, kisha jua likatoka kwa hasira, na sasa mji mzima unatoka jasho. Mimi pia. Nimevua viatu vya mtihani, nimekaa barazani, na moyo haujatulia.

Leo nimefanya mtihani wa Kifaransa.

Nimesomeshwa kwa Kifaransa tangu shule ya msingi. Nimeandika mémoire yangu, ile tasnifu ya chuo kikuu, kwa Kifaransa. Kila wiki nawafundisha wanafunzi wa kitivo chetu habari za miti ya msituni, kwa Kifaransa. Halafu naambiwa nithibitishe kwamba najua Kifaransa! Kuna taasisi ya umma huko Ufaransa inayopima lugha hiyo kwa watu wa dunia nzima na kuwapa cheti. Bila cheti hicho, chuo cha ng'ambo kilichokubali kunipokea kwa masomo ya misitu hakinifungulii mlango, na ufadhili wa miaka miwili utakwenda kwa mwingine.

Nililalamika nyumbani mpaka mama yangu akachoka. "Acha bakupime tu," akasema. "Hata muchele banaupimaka ku soko, na haina kelele."

Basi nikaenda kupimwa.

Asubuhi ilikuwa ya kusikiliza. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta inanguruma nje ya dirisha, na ndani kuna sauti ya Mfaransa mwenye haraka anayetaja bei na namba za simu. Aliposema soixante-dix, sisi tuliokulia na septante kwa sabini tukaangaliana kama watu waliopunjwa. Lakini nilijikaza, na nadhani nilipata mengi.

Mchana ikawa zamu ya kuzungumza. Mtahini alikuwa bwana mmoja mwenye mvi, mgeni, mpole kuliko nilivyotarajia. Alinivutia kiti mwenyewe. Mezani kulikuwa na kifaa kidogo cha kurekodi, kwa sababu sauti zetu zinapelekwa huko kwao zikasikilizwe na wengine kabla ya alama kutolewa. Nikamweleza kazi yangu, safari zetu za mashua kwenda Yangambi, jinsi tunavyopima shina la mti na kurudi baadaye kuona kama umenenepa. Akacheka. Nikaanza kupumua.

Kisha akauliza, kama mtu anayepita tu njiani: "Et vous n'avez pas d'enfant?" Na wewe huna mtoto?

Nikajibu upesi: "Non."

Sasa hapa ndipo penye matatizo yangu. Kwetu sisi, mtu akikuuliza "Hauna mtoto?" na wewe unaye, unajibu "hapana": hapana, umekosea, ninaye. Kama huna, unajibu "ndiyo": ndiyo, ni kama ulivyosema. Wafaransa hawajibu hivyo. Kwao "non" maana yake sina, na mwenye mtoto anatakiwa aseme "si" yao, yaani ninaye. Neno hilo fupi tulifundishwa shuleni, tukaliimba darasa zima, tukaliacha palepale pamoja na vumbi la chaki.

Mimi nilikuwa nimemwambia: hapana, monsieur, umekosea, ninaye Riziki, yuko mwaka wa tatu wa shule ya msingi, meno ya mbele yameng'oka na anajivunia pengo kana kwamba alilinunua. Sentensi iliyofuata ilikuwa tayari mdomoni.

Lakini yeye alikwisha kuitikia kwa kichwa. Akasema: "Alors, rien ne vous retient." Basi, hakuna kinachokushika.

Ningeweza kumsahihisha. Sikumsahihisha.

Mwanzoni nilijiambia ni woga wa alama, kwamba nikianza kujirekebisha ataona nimejichanganya. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine naiandika hapa kwa aibu: niliipenda ile sentensi. Mtu aliniangalia usoni akamwona mwanamke ambaye hakuna kinachomshika, na mimi nikataka kumwona pia.

Akaniuliza nitafanya nini na miaka hiyo miwili. Nikasema. Nikamwambia nitabaki maabara mpaka nitakapotaka mwenyewe kutoka. Nitatembea katika misitu inayopukutisha majani yote kwa pamoja, kitu ambacho mimi nimekifundisha bila kukiona. Nitajifunza kusoma umri wa mti ndani ya mbao. Jumapili nitalala mpaka nichoke kulala. Kifaransa kilinitoka kama maji, hata yale maumbo ya vitenzi yanayonitoa jasho kila siku yalikuja yenyewe na kukaa mahali pake. Sijawahi kukisema vizuri namna ile, na hakukuwa na sentensi hata moja yenye Riziki ndani yake.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na nilipoanguka nikaona pale chini pananifaa, nikajilaza.

Nilitoka nikiwa na hakika kwamba nimefaulu.

Riziki anajua kwamba mama ana mtihani. Hajui mtihani huo ni wa nini. Ufadhili ni wa mtu mmoja, mtoto habebwi. Baba yake ana nyumba nyingine huko Buta na kinachofika kutoka kwake ni salamu. Nikienda, Riziki atabaki na mama yangu, na mama yangu ameshakubali. Aliyebaki kuambiwa ni mwenyewe. Nimekuwa nikiahirisha. Nilijiambia nisimtie mtoto uchungu wa bure, labda nitashindwa. Leo kisingizio hicho kimekwisha.

Nilimkuta anakula lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki, vidole vimejaa mafuta ya mawese. Hakunisalimia, alianza moja kwa moja.

"Mama, balikuuliza nini?"

"Baliniuliza kazi yangu. Bakaniuliza habari ya Yangambi."

"Na nini tena?"

Ningeweza kumwambia habari za namba na bei. Sijui nini kilinisukuma.

"Bakaniuliza: hauna mutoto?"

Akaacha kutafuna. "Alors, ukajibu nini?"

"Nikasema hapana."

"Bon!" akasema, akatabasamu na pengo lake lote, akanisogezea sahani nile naye. Kwa Kiswahili chetu nilikuwa nimemjibu vizuri kabisa: hapana, wamekosea, niko naye. Mama yangu naye, kutoka jikoni, akaitikia kwamba ndivyo, nimejibu vema.

Nikala. Nikamtolea samaki wake miiba.

Nimekaa hapa tangu wakati huo na ile non. Kwa mtoto wangu ni neno la kweli. Kwenye kile kifaa kidogo ni uongo, tena unasafiri, na watu nisiowajua watausikiliza na kuupa alama nzuri kwa ufasaha. Cheti kikija kitakuwa na jina langu, lakini mwanamke aliyezungumza pale mezani simfahamu vizuri. Ninachojua ni kwamba hakusema uongo katika kila kitu. Ile misitu anaitaka kweli. Ile maabara anaitaka kweli.

Kwa hiyo naandika hapa, bila kuulizwa na mtu: nataka kwenda. Nina mtoto, nampenda mpaka kifua kinauma, na nataka kwenda. Sentensi zote mbili ni zangu, na leo ni mara ya kwanza kuziweka mahali pamoja.

Kesho asubuhi, kabla ya misa, nitamketisha Riziki nimwambie mwenyewe. Lazima niwahi kusema mimi. Maana akitangulia yeye, akaniangalia na kuniuliza, "Mama, hautaenda?", naogopa nitajibu ndiyo.