Nyumba Inayotazama Ziwa

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Leo nimeapa: nitaandika yote humu, hata yale ambayo Mama angetaka yafichwe.

Ni majuma matatu tangu mama mdogo Régine apande kutoka Kasenyi, ziwani, hadi kwetu Bunia na watoto wake wanne. Ziwa liliingia nyumbani kwao, likabeba kuta, likabeba na tanuru lake la kukaushia samaki. Baba mdogo Fabien, mdogo wake Baba, amebaki. Anasema hawezi kuwaachia samaki kiwanja chake! Analala kwa rafiki, na kila asubuhi anakwenda kuzitazama nguzo zake majini. Mama mdogo anatabasamu mbele yetu. Lakini simu ikilia, anashtuka.

Leo salongo, kazi ya pamoja! Avenue yote, mtaa mzima, ilikuja kwetu kumjengea. Wanaume walisimika miti, wakafunga matete. Mama mdogo alionyesha kwa kidole upande wa mlango, nao wakaacha nafasi pale pale.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua. Dictée, imla ya shuleni: 16 kwa 20! Mama Vahwere, jirani yetu mfanyabiashara kutoka Butembo, ameleta nusu ya pipa. Mama mdogo ataanza tena kukausha samaki ndani yake. Aliligonga kwa ngumi, likalia kama ngoma.

Jumamosi, 12 Oktoba

Matope mpaka masikioni! Tulikanyaga udongo na majani huku tukiimba. Mama Vahwere ndiye kamanda. "Weye Abigaël, unakanyaga kama unaogopa kuamusha udongo!" Wanaume walikandika nje, wanawake na watoto ndani — mashindano. Tulishinda.

Halafu mama mdogo akasimama mlangoni, akatazama mbele. Wote tukatazama. Hatua sita tu — choo cha Papa Moïse, jirani wa mbele!

Kwao Kasenyi milango inatazama ziwa, ili mke auone mtumbwi ukirudi. Kumbe siku ile ya salongo alituonyesha ziwa liliko: chini kabisa ya milima, kilometa hamsini na zaidi. Hakuna aliyemuuliza sababu.

"Mama Régine, ni ziwa gani hiyo?" Papa Moïse alicheka mpaka akakaa chini. "Kila asubuhi utaona mimi ndio nafika ku choo, kama mutumbwi!"

Tulicheka sote, yeye pia. Baba akasema tuugeuze mlango, udongo ungali mbichi. Mama mdogo akakataa, pole pole: "Muache tu. Fabien akikuya, atauliza ziwa iko wapi."

Papa Moïse akajifuta matope usoni. Akasema choo chake kimezeeka hata hivyo, juma lijalo atakibomoa, achimbe kingine nyuma ya nyumba yake. Vigelegele!

Jumapili, 13 Oktoba

Tumetoka kanisani. Jean-Claude, anayepandisha samaki wa Kasenyi kwa pikipiki, amefika na gunia. Tulingojea ngege wa kwanza wa kukausha. Hakuna hata samaki mmoja! Ni wavu. Wavu wa baba mdogo, umeoshwa, umekunjwa vizuri. Hakuna barua. Simu yake haiingii.

Baba anasema ameutuma uuzwe, ameacha uvuvi. Mama Vahwere anamcheka: "Muvuvi hawezi lala mbali na wavu yake! Mimi naenda kuosha sufuria, tutamupikia."

Jean-Claude hajui. Anasema baba mdogo alimpa gunia, akageuka kuelekea majini. Neno moja tu: "Peleka ku nyumba."

Ku nyumba! Hakusema kwa kaka yake. Hakusema Bunia.

Mama mdogo amekaa, wavu mapajani, anapitisha vidole tundu kwa tundu. Anatabasamu — na safari hii hajikazi. "Andika, Abigaël. Jean-Claude anashuka sasa."

Pikipiki inanguruma. Nachana karatasi ya daftari hili, nusu yake. Nimenakili hapa niliyomwandikia, maana niliapa kuandika yote:

"Baba mdogo, shikamoo. Wavu umefika nyumbani, hatuuuzi. Mama mdogo anangoja jibu kwa Jean-Claude huyu huyu: wewe mwenyewe unapanda lini?"