Mkono wa Kushoto wa Sosaia

Nyumba Na. 412,
Mtaa wa Milam,
Euless, Texas,
Marekani.
12 Machi 2019

Mpendwa Shangazi Telesia,

Shikamoo Shangazi. Natumaini Mama Seini amekukuta nyumbani, tena umekaa, maana ukianza kuisoma barua hii umesimama utatafuta kiti. Goti lako linaendeleaje? Baba alisema mwezi jana upepo uliwang'olea paa la jiko upande mmoja. Limesharudishwa? Na kusuka mikeka kila Alhamisi bado mnaendelea, au akina mama wamegombana tena?

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baba bado anapakia mizigo uwanja wa ndege na mgongo unamsumbua, ingawa ukimuuliza anasema ni wa jirani. Mama anaimba kwaya. Mimi niko likizo fupi ya shule. Nimetimiza miaka kumi na sita na bado nikiitwa jina darasani nasikia masikio yanawaka moto.

Nikikosea Kitonga changu unisamehe. Shule ya kule kwetu Tonga, kisiwani Vava'u, ilinifundisha kuandika barua, na shule ya huku inanifundisha kuandika insha za Kiingereza zenye hoja tatu. Jambo nililonalo leo halina hoja tatu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu za nyumbani kwetu hupigwa sebuleni kwa sauti ya juu, kila mtu anasikia, na wewe simu unapokelea dukani kwa Lopeti. Mama Seini anaondoka keshokutwa kuja harusini kwa mpwa wake. Nimemwomba akupe barua hii mkononi mwako, wala si kwa mwingine.

Ni habari ya kaka yangu Sosaia.

Unajua amemaliza mwaka wa mwisho wa kucheza chuoni, ule mpira wao wa Kimarekani wa kugongana. Mwisho wa Aprili timu kubwa, zile za kulipwa, zitakaa kuchagua vijana wa vyuoni, kwa zamu, raundi saba. Mwaka jana wakati kama huu hakuna aliyemtaja. Chuo chake ni kidogo, na wanaocheza nafasi yake, wale wanaoinama mstari wa mbele kuwazuia wapinzani wasipite, wako mamia. Sasa anatajwa. Baba ameshalitangazia kanisa zima. Vijana wa kwaya wakiniona wanasema, "Kalo, ukiwa tajiri utatusalimia? Au ndiyo utakuwa bubu moja kwa moja?" Mimi nacheka nao, kisha naingia chooni nakaa humo mpaka watawanyike.

Shuleni kazi yangu ni kupiga video za mechi kutoka juu ya mnara. Nilipenda kwa sababu kule juu huongei na mtu. Ndipo nilipojifunza kuusoma mchezo. Mechi zote za Sosaia ninazo kwenye kompyuta, na kila mara mpira ulipoanzishwa nimeandika kwenye daftari: aliinamaje, hatua ya kwanza ilikuwaje, nani alimsukuma. Huzitazama jikoni peke yangu. Unajua mipaka yetu, dada na kaka hawakai chumba kimoja kutazama picha, hata kama picha yenyewe ni ya kaka.

Wanaocheza pale mbele huinama na kuweka mkono mmoja chini kabla mpira haujaanza. Sosaia tangu utoto anaweka wa kushoto. Katika mechi ya tisa, wawili walimbana pamoja, mmoja kifuani, mwingine akamjia ubavuni, kichwa chake kikakunjwa upande. Alipoinuka mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia. Akakipachika kidole gumba kwenye mkanda wa suruali kama mtu anayejipumzisha, kumbe anauficha. Tangu siku hiyo anaweka mkono wa kulia chini.

Hakumwambia daktari wa chuo, hakumwambia kocha. Nimerudia zile mechi nne za mwisho mpaka macho yanauma. Mara ishirini na tatu, shingo ikigongwa, mkono ule unakufa ganzi. Ukiwa hujui pa kutazama, huoni kitu.

Sasa nakuungamia kosa langu, Shangazi.

Mwezi wa pili alikuja nyumbani msaka vipaji wa timu moja kubwa, mzungu mmoja mzee, Bwana Renfro. Hawa watu wakitaka kumnunua kijana wanamchunguza kama wanaposa: wanamuuliza mwalimu, kinyozi, jirani. Mama alipika lu, nyama ya kopo ndani ya majani ya magimbi, na magimbi yenyewe. Baba akawa anampakulia mgeni bila kupumzika.

"Mzee, hii ni sahani ya tatu," Bwana Renfro akasema.

"Ya tatu ni ya kuonja," Baba akamjibu. "Ukitoka hapa na njaa, mke wangu ananilaza nje."

Wakacheka. Mimi nilikuwa mlangoni na jagi la maji. Mara yule mgeni akaweka uma chini, akamgeukia Sosaia. "Kijana, nimetazama video zako za miaka mitatu, unaweka mkono wa kushoto chini. Kuanzia mechi ya tisa umehamia wa kulia. Kuna nini?"

Sosaia akaangalia sahani yake. Baba akasema, "Mkono ni mkono, bwana!" Hakuna aliyecheka. Baba akaona aibu, akaninyooshea kidole mimi. "Muulize huyu binti. Maneno hana, lakini kila kitu cha kaka yake kimo daftarini mwake."

Bwana Renfro akanigeukia. Ana macho ya upole, Shangazi, ndiyo maana ilikuwa rahisi. Nikasema, "Alikuwa anajifunza mikono yote miwili, ili aweze kucheza upande wowote."

Sijawahi kumwambia mgeni sentensi ndefu kama ile. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaiandika.

Wiki mbili baadaye wakala wa Sosaia akatusomea sebuleni maoni ya timu ile. Futi sita na inchi mbili, pauni mia tatu na nne. Mikono yenye urefu wa kutosha. Hatua ya kwanza nyepesi kuliko uzito wake. Hucheza ameinama chini, hasukumiki kwa urahisi. Pumzi inapungua robo ya mwisho. Halafu akapandisha sauti: "Anaweza kuweka mkono wowote chini bila kupoteza kasi. Amejifunza hili mwenyewe katikati ya msimu. Ni kitu adimu, na kinaonyesha akili ya kujituma." Walikuwa wanamweka raundi ya sita. Sasa wanasema ya nne, labda ya tatu.

Baba alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Mama akalia. Mimi ndiye niliyeyatunga maneno yale, Shangazi, na niliposikia yanasomwa kwa sauti ya mtu mwingine nilihisi kama nimemsukuma Sosaia kutoka juu ya mnara.

Ukiniuliza mimi, nitakuambia kweli yangu. Sosaia anaweza. Simsifu kwa kuwa ni wetu. Nimewatazama wengi wa nafasi yake, na wachache wanaotoka chini haraka kama yeye. Lakini huko anakokwenda wanaume wana pauni mia tatu na thelathini, na watamjia wawili wawili, kila Jumapili, kwenye shingo ileile. Pale kanisani kwetu yuko kijana anayesukumwa na mama yake kwenye kiti cha magurudumu. Aliumia shingo akiwa shule ya sekondari. Mama yake humfuta mdomo wakati wa mahubiri. Siku hizi nakaa kiti cha mbele ili nisiwaone.

Jumapili iliyopita ndipo nilipojua kwamba Sosaia naye anajua ninachokijua. Mama alikuwa ametangulia kanisani. Nasikia mtu anakohoa nje ya mlango wangu. Kumbe ni yeye, amevaa ta'ovala yake, ule mkeka wa kiunoni wa kanisani, kamba ya kuufungia ameishika mkononi, amenipa mgongo asitazame ndani.

"Kalo, Mama yuko wapi?"

"Kwaya."

Akaipitisha kamba nyuma ya mgongo wake. Kisha akasema, "Basi nifungie wewe."

Hajawahi kuniomba hivyo maisha yake yote. Nikatoka, nikaifunga kamba kwa nyuma. Alikuwa anatazama ukutani.

"Ulimjibu vizuri yule mzungu," akasema.

"Sikumjibu vizuri."

"Huwa unahesabu, eti?"

"Nahesabu."

"Umefika ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Ishirini na sita," akasema. "Za mazoezini huzioni." Halafu akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Utafanyaje sasa, bubu wangu?"

"Sijui."

"Basi endelea kutokujua mpaka mwisho wa Aprili."

Akaenda zake. Njia nzima ya kwenda kanisani alitembea mbele na Baba, wakitaniana juu ya gari atakalomnunulia, na mimi nyuma yao nikiutazama ule mkono. Vidole viwili vya mwisho havikunjuki.

Tarehe mbili Aprili timu ile imemwita akapimwe na madaktari wao. Wakala anasema wanaanza kwa kuuliza: umewahi kupata ganzi, umewahi kuzimia. Ukisema hapana wanaangalia magoti, moyo, mabega, unaenda zako. Sosaia atasema hapana. Nimemsikia akijizoeza na wakala, "Hapana, bwana. Hapana, bwana," kama anajifunza wimbo.

Baba siwezi kumwambia. Siogopi atanipiga. Naogopa atanisikiliza, kisha aseme mambo hayo yanapona. Nikimwambia Mama, atamwambia Baba.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Wewe ni dada mkubwa wa Baba, na neno lako kwa watoto wa kaka yako halirudishwi, hata Baba mwenyewe halirudishi. Sikuombi umkataze kucheza. Labda madaktari watasema kinatibika, labda akipumzika mwaka mmoja atarudi. Sijui, na wewe hujui, wala yeye hajui, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Naomba umpigie simu uongee naye yeye tu, umwagize awaambie madaktari kwa kinywa chake mwenyewe. Usimbembeleze. Ukimbembeleza atakuchekesha mpaka usahau ulichopigia.

Na uongo wangu nitauondoa mwenyewe. Kadi ya Bwana Renfro ninayo. Jana nilipiga, akapokea, akasema "Halo? Halo?" nikakata. Lakini tarehe moja Aprili jioni, kama Sosaia bado anajizoeza ule wimbo wake, nitapiga tena na nitaongea. Najua maana yake. Najua pengine kaka yangu hataniongelesha tena, na Baba atapakia mizigo mpaka azeeke, na kanisani watasema nilimwonea wivu. Nimeyafikiria yote. Hofu yangu haijapungua, ila sasa naijua ukubwa wake.

Jumatano, mchana

Shangazi, jana nilidhani nimemaliza. Niliitia barua kwenye bahasha bila kuibandika, nikaandika juu yake jina lako, nikaiacha kwenye meza ya chakula anapopita kila mtu. Sikuisahau pale. Nilitaka aione. Na kwa kuwa nakuungamia yote, na hili pia: upande mmoja wa moyo wangu uliomba aichane, ili niseme nilijaribu.

Leo saa sita alirudi kutoka mazoezini. Mimi nilikuwa jikoni namenya magimbi, mlango uko wazi. Akasimama mbele ya meza, akasoma jina lako. Akaupeleka mkono wa kushoto kuichukua, ikamponyoka ikaanguka. Akaitazama pale sakafuni muda mrefu, kisu changu kikasimama. Kisha akainama, akaiokota kwa mkono wa kulia, akaipangusa vumbi kwenye fulana yake na kuiegemeza kwenye chupa ya sosi isianguke tena. Hakuifungua.

"Mama Seini anaondoka kesho saa ngapi?" akauliza, bila kugeuka.

"Saa tatu asubuhi."

"Basi mpelekee leo. Yule mama husahau vitu."

Akaingia chumbani kwake. Sasa naibandika, naipeleka mwenyewe kwa miguu.

Nisalimie mzee wako Ma'afu, umwambie kofia aliyoagiza, Mama Seini anayo. Nisalimie binamu Tevita na Losa, na mtoto wa Losa ambaye bado sijamwona. Akina mama wa mikeka wote wape salamu zangu, hata wale waliogombana.

Mungu akulinde wewe na goti lako, aulinde na mlango wako usiku na mchana. Utuombee, na ukimwombea Sosaia utaje shingo yake kwa jina.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye na anayesubiri simu yako,

Kalolaine